Laki luza: nimekupiga juzi, leo nakukuta umekaa mbele yangu

Machi 2024 kule Indian Wells, California, kwenye mashindano ya tenisi, kijana wa Kiitaliano anaitwa Luca Nardi, miaka 20, namba 123 duniani, alimtoa Novak Djokovic, namba moja wa dunia wakati ule, 6-4, 3-6, 6-3. Huku kwetu ilikuwa asubuhi, watu ndo wanaamka wanashika simu, na mimi nilivyoona yale matokeo kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama akaunti iliyoyaweka ni ya kweli, maana siku hizi huwezi jua. Ilikuwa kweli. Siku nzima stori ikawa dogo kamtoa Djokovic, dogo kamtoa Djokovic, basi.

Ila ukirudisha mkanda nyuma siku chache tu, huyu dogo alikuwa ameshatolewa kwenye mashindano haya haya. Alicheza mechi za mchujo, akafika ile ya mwisho, akapigwa na David Goffin wa Ubelgiji, imeisha hiyo, funga begi. Kisha Tomás Martín Etcheverry wa Argentina, aliyekuwa amepangwa namba 30, akajitoa, na Nardi akaitwa akalie kiti chake. Na kiti cha namba 30 pale Indian Wells si benchi la mbao, wale 32 waliopewa namba hawachezi raundi ya kwanza kabisa, wanaanzia ya pili. Kwa hiyo piga picha mwenyewe: Goffin kashinda, kafuzu, anaanzia raundi ya kwanza kama watu wengine. Nardi kapigwa na huyo huyo Goffin, anaanzia raundi ya pili. Hajagusa mpira hata mmoja kwenye droo kuu, yaani mashindano yenyewe baada ya mchujo, na kashampita mtu aliyempiga.

Hiyo ndo laki luza, mshindwa mwenye bahati. Kwa ambao tenisi mnaiona tu ikipita kwenye luninga mkisubiri mpira uanze, iko hivi: kila mashindano yana wachezaji wanaoingia moja kwa moja kwa renki zao, wachache wanaopewa mwaliko na waandaaji, na wengine wanaopigania nafasi kwenye mchujo. Sasa droo ikishapangwa, kabla mechi za raundi ya kwanza hazijachezwa, mtu anaumia, au anaugua, au mgongo unakataa, anajitoa. Uwanja umeshalipiwa, watu wana tiketi, mpinzani ameshavaa viatu. Anaitwa nani? Anaitwa mmoja wa wale waliopoteza mechi ya mwisho ya mchujo. Wahenga walishasema kufa kufaana, na sijaona mahali hiyo methali inakaa sawasawa kama hapa.

Kila ikitokea laki luza kafanya maajabu, maneno ni yale yale. Upande mmoja wanasema huyu alishapata nafasi yake akashindwa, mnamrudishia ya nini. Upande mwingine wanaona stori nzuri wanapiga makofi tu. Mimi niko mahali pagumu kidogo hapo katikati. Nafasi ya laki luza yenyewe ni halali kabisa, tena naona ni halali kuliko nafasi nyingine nyingi zinazogawiwa kwenye tenisi na hakuna anayepiga kelele. Kinachonikera ni foleni inavyopangwa, nani anabeba gharama ya kusubiri, na hicho kiti ambacho mtu anarithi na mto wake na feni yake.

Tuanze na hiyo ya kustahili ili tuimalize. Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, upande wa wanaume mchujo una watu 128. Wanacheza raundi tatu, wanatoka 16. Maana yake yule anayepoteza mechi ya mwisho ameshapiga watu wawili, kwenye mashindano ambayo kuingia tu kwenye mchujo wake unatakiwa uwe umehangaika mwaka mzima kwenye vimashindano vya huko ambako watazamaji ni mama wa mpinzani wako na mbwa. Huyo mtu humwiti kilaza. Sasa mlinganishe na waildikadi, yule anayeingia kwa mwaliko wa waandaaji. Kila Grand Slam ina waildikadi 8 za droo kuu kwa wanaume na 8 kwa wanawake, waandaaji wanampa wanayemtaka, na kwa kawaida wanawapa watoto wa nyumbani, na vyama vya Australia, Ufaransa na Marekani vina utaratibu wa kubadilishana, wewe nipe mmoja kwako na mimi nikupe mmoja kwangu. Hujashinda mechi hata moja, uko ndani. Ndiyo, Goran Ivanišević alipewa waildikadi Wimbledon 2001 akiwa namba 125 akaondoka na kombe, sikatai, ila kwa Ivanišević mmoja kuna vijana wangapi waliingia kwa mwaliko wakapigwa kwa saa moja na dakika kumi wakaenda kula chakula cha bure? Na sisi wa upande huu tunalijua vizuri zaidi, maana siku Angella Okutoyi wa Kenya, aliyechukua ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili mwaka 2022 na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, akifika kwenye milango ya droo kuu za wakubwa, hakuna Grand Slam ya Nairobi ya kumpa mwaliko. Njia yake ni mchujo. Kwa mtu wa aina hiyo laki luza si zawadi, ni sehemu ya barabara yenyewe.

Af kuna ushahidi wa uwanjani. Julai 2017 Andrey Rublev alipoteza mchujo kule Umag, Croatia, akaingia kama laki luza, akachukua kombe, la kwanza maishani mwake. Wiki iliyofuata tu, Hamburg, Leonardo Mayer wa Argentina alipigwa kwenye mchujo na Rudolf Molleker, mtoto wa miaka 16, aibu ya kutosha kumfanya mtu arudi nyumbani akalime, akaitwa kama laki luza, akabeba kombe. Wiki mbili mfululizo. Oktoba 2019 Coco Gauff akiwa na miaka 15 alipigwa mchujo Linz, Austria, na Tamara Korpatsch, Maria Sakkari akajitoa, Coco akaingia akaenda kumfunga Jelena Ostapenko fainali. Aprili 2018 Budapest ni Marco Cecchinato, na huyu tutakutana naye tena mbele. Yaani wale watu wa kati ya renki ya 80 na 200 wanaachana kwa nywele, leo kanipiga kesho nampiga, na mechi moja ya mchujo asubuhi kwenye uwanja wa pembeni haitoshi kumwandikia mtu hati ya kifo.

Kuna moja naipenda kuliko zote. Januari 2023 Adelaide, Kwon Soon-woo wa Korea Kusini alipoteza mchujo kwa Tomáš Macháč wa Czech. Akaingia laki luza. Droo ikampangia nani raundi ya kwanza? Macháč. Safari hii Kwon akashinda, akaendelea, akachukua kombe mbele ya Roberto Bautista Agut. Sasa mfikirie Macháč. Umempiga mtu kihalali, umefuzu, siku chache baadaye yule yule anasimama upande wa pili wa wavu, na sasa amekupiga na wewe ndo unaenda kupanga nguo kwenye begi. Ningekuwa mimi ningeomba kuonana na mkubwa wa mashindano. Ila nikitulia naona hakuna alichoibiwa, alipata nafasi yake, akaitumia, akakutana na mtu aliyekuwa bora siku ile. Wangempangia mwingine angeweza kupigwa vile vile. Inauma, ila kuuma na kuonewa ni vitu viwili.

Sasa foleni. Hapa ndo pana harufu.

Zamani hesabu ilikuwa rahisi, waliopoteza mechi ya mwisho ya mchujo wanapangwa kwa renki, mwenye renki ya juu anaitwa kwanza. Tatizo ni kwamba kama umeshajua kuna mtu kajitoa, na umeshajua kati ya mliobaki wewe ndo mwenye renki ya juu, basi mechi yako ya mwisho ya mchujo haina maana tena, ushinde uko ndani, upoteze uko ndani. Wimbledon 2005 hii ikatokea mbele ya watu. Mmarekani Justin Gimelstob, mgongo unamsumbua, akapoteza mechi ya mwisho ya mchujo kwa George Bastl, akaingia droo kuu kama laki luza, akashinda mechi mbili, akaja kutolewa raundi ya tatu na Lleyton Hewitt. Simwiti mtu tapeli hapa, mgongo ni mgongo na kanuni ndo ilikuwa imeacha mlango wazi. Ila fikiria mtu anapumzisha mgongo wake kwenye mechi ya kufuzu kwa sababu hesabu inaruhusu, na wewe umelipia tiketi kuja kuangalia. Mwaka uliofuata Grand Slam zikaja na utaratibu mpya: wale wanne wenye renki za juu kati ya walioshindwa mechi ya mwisho majina yao yanaingia kwenye bahati nasibu, ndo inaamua nani anaanza kuitwa. Kwenye mashindano ya kawaida ya wiki kwa wiki renki bado ina nguvu kubwa.

Sawa, ni bora kuliko zamani. Ila kwa nini wanne? Walioshindwa ni 16, wote wameshinda mechi mbili mbili, wote wamepoteza moja. Kwa nini 12 wakae nyuma? Jibu ni renki, na mimi nasema renki imeshalipwa. Renki ndo iliwapa watu 104 nafasi ya moja kwa moja kwenye droo kuu bila kupita mchujo. Renki ndo ikaamua nani aingie mchujo na nani abaki nyumbani. Renki tena ikawapa wale wa juu kwenye mchujo namba za kuwalinda wasikutane mapema. Tumefika mechi ya mwisho, wote wamepoteza, na bado tunamuuliza renki yako ngapi? Mtu kapigwa 6-1, 6-2 dakika hamsini na tano anakaa mbele ya mtu aliyepoteza tai-breki, ile gemu ya kuamua, ya seti ya tatu, kwa sababu ya pointi alizokusanya msimu uliopita huko Challenger, mashindano ya ngazi ya chini.

Mashabiki wa mpira wetu hii wanaielewa haraka. AFCON 2019 kule Misri, Kenya walimaliza wa tatu kwenye kundi na pointi 3, walizipata kwa kutufunga sisi Tanzania 3-2 (naumia mpaka leo, tuendelee). Wakawa wanasubiri kupita kama mmoja wa washindwa bora, watu na kalkuleta, kesho yake Benin wakatoka 0-0 na Cameroon, Kenya nje. Iliuma, ila angalau walichopimwa nacho ni walichofanya pale pale Misri, pointi na magoli, hakuna aliyewauliza FIFA inawaweka namba ngapi. Tenisi inapima kwa vitu vya jana na juzi.

Mtu atasema basi tupime kwa gemu walizoshinda kwenye mchujo. Hapana, utaleta balaa lingine, kila mtu kakutana na mpinzani tofauti. Mimi nasema wote 16 kwenye chungu kimoja. Hata ule ujanja wa kupoteza kwa makusudi unakufa wenyewe, maana nani atauza mechi kwa nafasi moja kati ya 16?

Tuje kwenye kusubiri, na hapa naomba nikae kidogo.

Watu wanadhani laki luza anapigiwa simu akiwa amelala anaambiwa njoo. Kwenye karatasi haiko hivyo. Unatakiwa uwepo. Kila siku asubuhi kabla mechi hazijaanza unaenda ofisi ya refa unasaini, na usiposaini jina lako linarukwa. Af unakaa. Raketi ziko kwenye begi, gripu umeshabadilisha, unapasha misuli kidogo, unakaa tena, unakula ndizi, hujui kama utacheza saa tano au saa kumi au hutacheza kabisa, hujui ni wa mkono wa kushoto au wa kulia, na kila mtu anayepita akichechemea unamwangalia usoni kuona kama ndo huyo, halafu unajionea aibu kwa sababu unamwombea mwenzako maumivu. Jioni unarudi hotelini. Kesho tena.

Januari 2025 Melbourne, kwenye Grand Slam ya Australia, Mjerumani Eva Lys alikuwa ameshapoteza mchujo kwa Destanee Aiava. Anna Kalinskaya, aliyepangwa namba 13, akajitoa dakika za mwisho kabisa, Lys akapewa dakika kama 10. Kumi! Mimi dakika kumi hazinitoshi kutafuta charja. Akaingia uwanjani akampiga mwenyeji Kimberly Birrell 6-2, 6-2, akaendelea mpaka raundi ya nne ndo Iga Świątek akamzima 6-0, 6-1. Fungu la raundi ya nne mwaka ule lilikuwa dola za Australia 420,000, na kuna watu hawajawahi kuishika hiyo hela miaka yao yote ya raketi. Na usimsahau Birrell, kajiandaa na Kalinskaya, kaangalia video za Kalinskaya, anatoka nje anamkuta mtu mwingine. Huyo naye ana la kusema kuhusu haki, ingawa kwa kweli mpinzani mpya aliyepewa dakika kumi ulitakiwa umfunge.

Lakini stori ya kusubiri yenyewe ni Paris 2018. Mwargentina Marco Trungelliti, namba 190 duniani, katolewa mchujo Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, karudi zake Barcelona anakoishi. Foleni inasogea, wengi wamejitoa mwaka ule, af inakuja habari kwamba Nick Kyrgios kiwiko hakimruhusu. Trungelliti ndo anafuata, ila anatakiwa awe Paris asubuhi. Bibi yake, mtu wa karibu miaka 90, yuko bafuni anaoga. Anaambiwa bibi toka tunaenda Paris. Wanaingia kwenye gari, yeye, bibi, mama, na ndugu yake, kilomita kama 1,000, saa kumi barabarani, wanafika usiku kabisa. Asubuhi anaingia uwanjani, anampiga Bernard Tomic seti tatu kwa moja. Fungu la raundi ya pili lilikuwa euro 79,000. Riziki ya mbwa iko miguuni, na ya huyu ilikuwa kwenye matairi.

Dunia nzima ikampenda bibi. Na mimi nilimpenda. Ila pale nyuma kwenye ile foleni kulikuwa na mtu mwingine, Prajnesh Gunneswaran wa India, ambaye ndo alikuwa mbele ya Trungelliti. Kama angekuwepo angeitwa yeye. Hakuwepo, kwa sababu alishaondoka kwenda Vicenza, Italia, kucheza Challenger. Na unamlaumu vipi? Kazi yake ni kucheza, kukaa na kusubiri hakumpi pointi. Ukisubiri Paris na nafasi isipatikane, umepoteza wiki, pointi na hela ya Vicenza. Ukienda Vicenza na nafasi ikapatikana, unakuwa Prajnesh. Sasa mwenye uwezo wa kusubiri ni nani? Ni yule ambaye wiki moja bila mashindano haimtikisi, ana shirikisho lenye pesa au mdhamini au nyumba ya shangazi jirani na uwanja. Hapo ndo haki inapotoboka kimya kimya, foleni ni ya wote lakini kusimama kwenye foleni kunalipiwa.

Na kwa nini wengi walijitoa mwaka ule? Kanuni mpya ya hela. Wimbledon 2017 ilikuwa kituko, siku moja uwanja mkuu Martin Klizan akaacha mechi na Djokovic katikati, wakaingia Alexandr Dolgopolov na Roger Federer, Dolgopolov naye akaacha. Watu wamekuja na miavuli na stroberi zao wanaangalia mechi mbili ambazo hazikuisha. Kila mtu alikuwa anajua kinachoendelea: ukijitoa kabla, hupati kitu, ukiingia ukacheza gemu chache ukasema naumwa unachukua fungu lote la raundi ya kwanza. Kwa hiyo kuanzia 2018 Grand Slam zikasema anayejitoa kwa kuumwa akiwa ameshafika pale, kwa masharti yake, anachukua nusu ya hela ya raundi ya kwanza, na laki luza anayeingia anachukua nusu nyingine pamoja na atakachovuna mbele. Na ukiingia ukacheza hovyo unapigwa faini, Mischa Zverev alionja Australia 2018, dola 45,000.

Kanuni nzuri, inafanya kazi, laki luza wengi zaidi wanaingia na watazamaji wanaona mechi za kweli. Ila angalia nani analipa. Roland Garros 2018 raundi ya kwanza ilikuwa euro 40,000. Aliyeumia anaondoka na 20,000, aliyeitwa mbio mbio akacheza mechi nzima akapoteza anaondoka na 20,000. Yaani uaminifu wa mgonjwa unalipwa kutoka mfukoni mwa maskini kuliko wote pale uwanjani. Mashindano yenyewe yanauza haki za televisheni kwa mamilioni, halafu nusu inakatwa kwa namba 190? Mlipeni mgonjwa nusu yake kutoka kwenye mapato yenu na laki luza mpeni fungu zima, kacheza mechi nzima.

Nirudi kwa Nardi na kile kiti. Mtu anaweza kuutetea utaratibu huu hivi: ratiba ya siku ya kwanza ikishatoka huwezi kuanza kupangua droo, watu wameshajua wanacheza na nani, kwa hiyo laki luza anakaa pale pale alipotoka mtu, hata kama pale ni kwenye raundi ya pili. Naelewa. Kiutawala ni rahisi. Lakini kuna njia ya katikati, mchezaji aliyefuzu mwenye renki ya juu ambaye bado hajacheza mechi yake ya kwanza apandishwe kwenye kiti kile, na laki luza achukue nafasi yake ya raundi ya kwanza. Goffin anapanda, Nardi anaanzia chini. Mpinzani mmoja atabadilishiwa mtu, ndiyo, ila Birrell naye alibadilishiwa na hakuna aliyeuliza. Nikiwaambia jamaa zangu hili wananiambia basi tusingeona Djokovic akitolewa na dogo. Labda. Au labda Goffin mwenyewe angemtoa, nani anajua, na Goffin huyu huyu ndo utamu wa stori: Roland Garros 2012, ana miaka 21, aliingia kama laki luza baada ya Gaël Monfils kujitoa, akafika raundi ya nne, akamchukulia Federer seti ya kwanza kabla hajazimwa. Miaka 12 baadaye yuko upande wa pili wa hesabu. Sijui kama alicheka.

Na Trungelliti baada ya bibi na magari na kamera zote zile raundi ya pili alikutana na Marco Cecchinato, yule laki luza wa Budapest, akapigwa 6-1, 7-6, 6-1, na Cecchinato akaenda mpaka nusu fainali, njiani akamtoa Djokovic. Prajnesh yeye Januari 2019 alirudi kwenye mchujo wa Australia, akashinda mechi zote tatu, akaingia droo kuu kwa mlango wa mbele, akatolewa raundi ya kwanza na Frances Tiafoe kwa seti tatu. Hiyo hakuna aliyeiandikia stori ndefu.